Karatasi ya Radi

18 Juni 1977
Nimeanza kuandika leo kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Nimechukua juzuu la kumi na saba la hotuba za Kiongozi, nikachomoa kurasa zote, nikashona daftari hili ndani ya jalada. Kurasa zile Mama amewashia jiko. "Kumbe zinawaka," akasema huku akipuliza. Askari hatathubutu kupasua jalada lenye picha ile, na mwanakijiji hatatamani kulifunua.

Akilisoma asiyenijua, ajue hivi. Naitwa Feride, nina miaka thelathini na tisa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya hapa kijijini, sasa natunga majani ya tumbaku katika brigedi ya tatu ya ushirika. Mkuu wa brigedi ni Resul Braho, na Resul Braho ndiye aliyemfunga mdogo wangu Zenel miaka kumi. Minne imepita, bado sita.

Kosa la Zenel ni hili. Redio ilitangaza kwamba mavuno ya mahindi yamevunja rekodi, nasi tulikuwa kwenye foleni ya mkate tangu alfajiri. Zenel akasema, "Basi tuchemsheni redio." Watu wakacheka. Resul naye alicheka, nilimwona meno yote. Miezi miwili baadaye, katika ukumbi wa utamaduni, utani ule ulikuwa umezaa kurasa mbili: Zenel anasifu nchi za mabeberu, Zenel anasikiliza stesheni za nje, Zenel anachochea watu waache kazi. Mwendesha mashtaka alipomaliza kusoma, akamgeukia Resul: "Ni maneno yako?" Resul akasimama wima. "Ni maneno yangu."

Wasifu wetu ukaingia doa. Wiki ya pili mume wangu akaomba talaka ili wa kwake usiambukizwe. Wiki ya tatu nikatolewa shuleni. Tangu hapo hakuna anayeniita Ndugu Feride, maana Ndugu ni jina la watu safi. Mimi ni "wewe wa Zenel".

Nataka kumwona Resul Braho akipakiwa kwenye gari la Usalama, mikono nyuma. Sitaki kingine msimu huu.

19 Juni
Tumeanza kuchuma. Mikono imenata utomvu hadi siwezi kufungua vifungo vya blauzi.

25 Juni
Tunatoka saa tisa za alfajiri, tunachuma kabla umande haujakauka, halafu mchana kutwa tunakaa kivulini na sindano bapa, jani juu ya jani, mtungo baada ya mtungo. Mbele yetu mlimani ni yale mawe yaliyopakwa chokaa, kila herufi kubwa kama nyumba: CHAMA NA KIISHI MILELE. Ukiinua kichwa unayaona, ukiinamisha unaona tumbaku.

Kadrije hukaa kulia kwangu. Ana miaka sitini, na mdomo wake hauna likizo. Leo Resul alipita akipuliza filimbi, mikono nyuma, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi.

"Mtazame," Kadrije akaninong'oneza, "anatembea kana kwamba ardhi imemwomba ruhusa."

"Mwache atembee," nikasema. "Atachoka."

"We Feride, ukisema hivyo unanitisha. Afadhali utukane."

Saa sita, kama kila siku, Resul akamtupia gazeti msichana mmoja wa Umoja wa Vijana asome kwa sauti, "kwa mazoezi". Yeye husikiliza amefumba macho, akimaliza husema, "Umesikia? Uelewe." Najiuliza wanamlipa siku ngapi za kazi kwa kufumba macho.

3 Julai
Barua ya Zenel kutoka machimboni, anakotumikia kifungo. Mistari minne, kama kanuni inavyoruhusu. Hajambo. Tulete soksi za sufu na vitunguu saumu. Mistari miwili ya chini imefutwa kwa wino mweusi. Mama ameiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaigeuza huku na huku, na hajui kusoma hata ile isiyofutwa.

4 Julai
Joto.

11 Julai
Katibu wa Chama, Ndugu Vangjel, ameniita ofisini. Nikadhani zamu yangu imefika. Kumbe anataka mwandiko.

"Mabango yetu yanatia aibu," akasema. "Wewe una hati nzuri kuliko wote. Kufundisha huwezi, wasifu wako unakataa. Lakini mkono wako haujahukumiwa."

Basi sasa naandika karatasi za radi. Ni shuka la karatasi lenye herufi nyekundu, linabandikwa ukutani ofisini: fulani amechelewa kazini, fulani amezembea na ng'ombe wa ushirika, fulani binti yake kafupisha sketi. Akikupiga radi, mtu yeyote au umoja wowote, una siku tatu ujibu kwa maandishi, kwa mkono wako mwenyewe, na jibu libandikwe kando. Usipojibu, umekiri. Ukijibu kwa ukali, hukosoleki. Nimeona watu wazima wakitetemeka mbele ya ukuta ule kuliko walivyotetemeka mbele ya Wajerumani.

Wanaleta maneno, mimi naandika. Tangu leo kila ubaya wa kijiji hiki utapita mkononi mwangu. Nimerudi nyumbani nikala vizuri.

15 Julai
Karatasi mbili. Moja juu ya Kadrije: anacheka kazini. Nimemtungia jibu, akalinakili huku akicheka kazini.

20 Julai
Resul alinikagua mitungo. Alivuta mmoja, akasema majani yamekaa kinyume, nifumue wote. Hayakuwa kinyume. Nimefumua mitungo kumi na mbili nikihesabu siku za Zenel badala ya majani.

28 Julai
Mvua ya mawe, nusu saa, katikati ya Julai. Kadrije alijifunika kichwa kwa kikapu na kupiga kelele kwamba mabeberu wameanza.

30 Julai
Mvua tena. Tumbaku iliyokwisha kukauka imehifadhiwa msikitini, yaani ghalani. Siku hizi lazima useme ghala. Mwaka sitini na saba, dini ilipopigwa marufuku, Resul alikuwa wa kwanza kupanda juu na nyundo, wakaangusha mnara na kubandua mabati ya risasi yaliyofunika kuba. Sasa kuba linavuja. Resul ndiye mwenye ufunguo, na siku zote tatu za mvua hakwenda kutazama.

2 Agosti
Ghala limefunguliwa. Ukungu mweupe umeota juu ya marobota, unaweza kuuchota kwa kijiko. Vangjel alitoka na leso puani. Akamtazama Resul, na mimi nikawatazama wote wawili.

4 Agosti
Imekuja! Umoja wa Vijana umempiga Resul Braho karatasi ya radi: uzembe, mali ya umma, na mwishoni swali, "Je, ni uzembe tu?" Wanaojua wanajua swali lile linapeleka wapi. Nimeliandika mimi, kwa brashi mpya. Sijawahi kuandika R nzuri kama ile. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama, na Vangjel akasema, "Mbona unatabasamu?" Nikamjibu kwamba wino mwekundu umetoka vizuri mara hii.

Lakini najua kitakachofuata. Ataandika jibu, atajipiga kifua, atasema Chama kimemfumbua macho, na watamsamehe. Partizani wa zamani aliyepigana na Wajerumani, mjumbe wa halmashauri. Radi ya karatasi haiui watu wa aina yake.

5 Agosti
Lazima niandike yote.

Saa ya mapumziko, wakati kijiji kizima kimelala kwa joto, mlango wa upande wa zizi ukafunguka. Resul. Kofia mkononi. Miaka minne hajakanyaga kwetu.

"Mwalimu," akasema.

Mwalimu! Jana nilikuwa wewe wa Zenel.

"Umekosea nyumba," nikamwambia.

"Sijakosea. Nataka uniandikie jibu. Nitalinakili."

"Kwani wewe huna mkono?"

"Mkono ninao." Akatazama miguu yake. "Herufi ndizo sina."

Nilidhani ananitega. Cheti chake cha kisomo cha jioni kimetundikwa ofisini, kina fremu na kioo. Wilaya yetu ilitangazwa kwamba haina hata mtu mzima mmoja asiyejua kusoma. Walikuja na kamera kutoka mji mkuu, Tirana, na Resul yumo kwenye picha, amefungua kitabu.

"Na kile cheti?"

"Siku ya mwisho walitugawia sote. Wajumbe walikuwa wanakuja kesho yake. Mimi nilijifunza kuandika jina langu, nikakoma hapo. Kazi ilikuwa nyingi." Akaigeuza kofia mkononi. "Ukishapewa cheti huwezi kurudi kusema hujui. Utakuwa umeitukana wilaya nzima."

Ndipo nikaelewa gazeti, na yale macho yaliyofumbwa.

"Na katika watu wote umekuja kwangu mimi?"

Hapo akanitazama usoni. "Wewe ukisema, nani atakuamini?"

Alisema bila dharau hata kidogo, kama mtu anayekuambia ni saa ngapi. Kama alikuwa amebakiwa na chembe ya huruma moyoni mwangu, aliimalizia pale.

Nikachukua karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa za kuchapa, moja moja, ili azifuate kirahisi. Naukubali ukosoaji wa vijana wetu. Nilizembea. Nitarekebisha ghala kwa mikono yangu. Nilimsomea kila sentensi, akatikisa kichwa kukubali. Nikafika mstari wa mwisho, ule ambao lazima uwepo. Nikamsomea kwa sauti safi: "Chama na kiishi milele." Na nikaandika: CHAMA NA KIISHE MILELE.

Herufi moja. Ataiandika kwa mkono wake, ataitia saini kwa jina lake, ataibandika ukutani yeye mwenyewe: Chama na kiishe. Kwa maneno pungufu ya hayo watu wako machimboni. Nani atakubali kwamba ni kosa, wakati mtu ana cheti?

"Ukimaliza, ichome hii," nikamwambia.

"Nitaichoma."

Akaenda. Mama akaamka, akauliza nani alikuwepo. Nikamwambia ni upepo.

6 Agosti
Sikulala wala sikuona uchovu. Nimetunga mitungo ishirini na moja. Kadrije: "Leo una nini, umechumbiwa?" Nikamwambia karibu hivyo.

7 Agosti
Nimekwenda ukutani na wenzangu kusoma. Mwandiko wake ni wa mtoto, herufi zinapanda na kushuka, lakini hajaacha hata nukta. Amenakili kila kitu nilichoandika. Mstari wa mwisho: CHAMA NA KIISHI MILELE.

KIISHI.

Nimeisoma mara tano. Vangjel alikuwa amesimama pale, akasema, "Jibu zuri, la kiutu uzima." Nikasema ndiyo.

8 Agosti
Labda mkono wake ulikwenda wenyewe. Neno hilo liko mlimani, liko kwenye pakiti ya sigara, liko kwenye mlango wa zizi. Labda hakuona kitu.

Lakini karatasi yangu iko wapi? Hati ya mabango yote ya kijiji ni yangu, hata mtoto wa chekechea anaijua.

9 Agosti
Alipopita kwenye safu yetu nikajifanya naokota sindano. "Ulichoma?" nikamnong'oneza.

Akasimama. "Kuchoma nini?" akasema kwa sauti, Kadrije anasikia, wote wanasikia. Kisha akaenda zake.

10 Agosti
Resul kapita. Hakusema kitu.

11 Agosti
Resul kapita. Hakusema kitu.

13 Agosti
Nimefunga mfuko: soksi mbili, sabuni, kijiko cha mbao, fulana. Nimeuficha chini ya kitanda. Mama ameuona. Hakuuliza, ameongeza vitunguu saumu.

Sijutii nilichotaka kufanya. Najuta sikukifanya vizuri. Mwalimu mzima nimeshindwa na mtu asiyejua alfabeti.

19 Agosti
Resul amenihamisha kutoka kuchuma. Sasa nabaki kivulini tu, natunga. Kadrije ananitania kwamba mkuu amenipenda. Mimi najua paka anavyomwacha panya akimbie kidogo. Ananichezea, na namchukia kwa mchezo huu kuliko nilivyomchukia kwa Zenel, na naona aibu kuandika hivyo.

24 Agosti
Gari la Usalama limepita barabarani saa nne asubuhi. Liliendelea kuelekea mto Shkumbin. Nilikuwa nimejidunga sindano kiganjani na sikusikia maumivu hadi Kadrije aliponionyesha damu kwenye majani.

30 Agosti
Resul yuko juu ya kuba la ghala anatengeneza paa peke yake, kama jibu lake lilivyoahidi. Nimemwomba Mungu, ambaye hayupo kwa mujibu wa sheria, amtelezeshe.

6 Septemba
Hakuteleza.

14 Septemba
Leo asubuhi Resul alinisimamia mbele ya wote. "Wewe! Mabango ya ghala. Saa sita, uje na brashi."

Nilivaa fulana mbili chini ya blauzi. Nilipofika alikuwa peke yake ndani, anapanga marobota pale lilipokuwa kibla. Akafunga mlango, mwanga ukabaki wa madirisha ya juu. Akavua kofia, akaingiza vidole kwenye bitana, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaifungua.

"Yale mawe ya mlimani," akasema, "mimi ndiye niliyeyapanga. Kila Aprili nayapaka chokaa. Lile neno la katikati naijua kila herufi yake kwa miguu. Ya mwisho ni mawe thelathini na moja, yamesimama mstari mmoja." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Yako hii ina matuta matatu ubavuni. Nikaona si yenyewe. Sikujua imekuwa neno gani, nikaweka ya mlimani."

Nikaitazama ile E yangu.

"Siku uliponiuliza kama nimechoma, nikakuona uso. Hapo nikajua imekuwa neno gani."

"Basi nipeleke," nikamwambia. "Mwezi mzima unanikalia kooni. Nimeshafunga mfuko. Nipeleke!"

"Nimekwenda mara mbili. Nimefika mpaka mlangoni kwa Vangjel."

"Ukashindwa nini? Kwa Zenel hukushindwa."

Akakaa juu ya robota. Akawa anaikunja karatasi na kuikunjua.

"Ule utani wa redio nilimsimulia Vangjel. Nilimsimulia acheke. Na alicheka. Baada ya siku kumi nikaitwa mjini, wapo wawili, wameshaandika. Wakasema, soma, utie saini. Nikashika karatasi, nikapitisha macho juu mpaka chini, kama ninavyofanya siku zote. Nikaandika jina langu. Ndilo ninaloweza."

Nilimwelewa, na nikawa sitaki kumwelewa. Miaka minne nimemlisha mtu huyu chuki yangu kila siku, chuki nzuri ya mtu mzima kwa adui mzima. Nilitaka awe amefanya kwa ubaya. Nilitaka awe na sababu, hata wivu, hata mpaka wa shamba. Kumbe miaka kumi ya Zenel ilitoka kwa mwanamume aliyeona haya kusema "nisomeeni".

Kisha nikakumbuka, na damu ikanirudia.

"Kwenye kesi walikisoma kwa sauti ulichosaini," nikamwambia. "Kurasa zote mbili. Macho yako hayasomi, masikio je? Alikuuliza: ni maneno yako?"

Akaendelea kuikunja karatasi.

"Nakuuliza, Resul!"

"Nilisikia," akasema. "Ndiyo siku niliyojua nilichotia saini. Sasa ningesemaje, Mwalimu? Mbele ya kijiji kizima, sikujua nilichosaini?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo. Maneno mawili tu."

"Wangenichukua mimi."

"Ndiyo," nikasema. "Wangekuchukua wewe."

Alilia. Ndicho nilichokitaka tangu Juni, na nilitazama bila kugeuza uso. Machozi yalipita kwenye vumbi la tumbaku na kuacha mistari. Nilingoja nifurahi, nikafurahi kidogo tu.

"Bado wananiletea," akasema alipotulia. "Kila baada ya miezi kadhaa, karatasi. Saini hapa, saini hapa. Sijui nimewafunga wangapi." Akaninyooshea ile yangu. "Chukua. Na unihalalishie, Feride. Kabla hatujafa, nihalalishie."

Neno hilo la dini, la kuombana radhi, halijatamkwa ndani ya kuta zile kwa miaka kumi, na aliyelifukuza kwa nyundo ndiye sasa aliyelileta. Nilipokea karatasi. Ghalani moto ni marufuku, kwa hiyo nikaichana vipande, nikavitafuna, nikavimeza kimoja kimoja mbele yake. Ilikuwa na ladha ya jasho la kofia yake.

"Sikuhalalishii," nikamwambia. "Si leo, si siku utakayokata roho. Ukiniita kitandani pako sitakuja."

Akatikisa kichwa kukubali. Akavaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka.

"Basi nifundishe kusoma."

Nilitaka kumtemea mate. Nikafungua mdomo nimtukane mama yake, na maneno hayakutoka, kwa sababu fikra nyingine ilikuwa imeingia kichwani, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba ilinibidi nishike robota.

"Njoo na miwani," nikamwambia. "Kama unayo."

15 Septemba
Nimefungua mfuko wa chini ya kitanda. Mama amerudisha vitunguu saumu jikoni.

17 Septemba
Mvua nyembamba. Kuba halivuji.

19 Septemba
Resul amewaambia wote kwamba nitaandika mabango ya msimu wa baridi ghalani, kila siku saa sita, na kwamba ni amri. Kadrije: "Mabango mangapi, kwani tunatangaza vita?" Nikamwambia ni mabango marefu.

22 Septemba
Alfabeti. Anajifunza haraka kuliko nilivyotarajia. Ana miaka hamsini na mbili na ulimi unatoka nje anapoandika, kama wale wangu wa darasa la kwanza. Nilimpiga kidole kwa rula alipochanganya B na D. Sikuwahi kumpiga mtoto hata mmoja shuleni.

26 Septemba
Leo alisoma "Drini" kwenye pakiti ya sigara zake mwenyewe, akacheka peke yake. "Miaka ishirini navuta," akasema, "kumbe mto!" Nilijikuta nataka kucheka naye. Nikatoka nje hadi hamu ikanitoka.

29 Septemba
Silabi. Kesho maneno. Ameniuliza tutatumia kitabu gani, maana shuleni vipo vya bure. Nikamwambia kitabu ninacho.

30 Septemba
Siku ya hukumu ile walitupa nakala moja, na ushahidi umepigwa taipu ndani yake neno kwa neno. Mama huilalia, iko chini ya godoro lake. Leo asubuhi nilimwomba.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kufundishia."

Akainua godoro mwenyewe.

Saa sita nikaiweka mbele ya Resul juu ya robota, nimeikunja ili kichwa cha ukurasa na mihuri visionekane. Amekuja na miwani ya mkewe, imefungwa uzi. Akapangusa kidole kwenye suruali, akakiweka chini ya neno la kwanza.

"Mi... mi. Mimi." Akaniangalia. "Mimi!"

"Endelea."

"Re... su... l. Resul." Uso wake ukafunguka wote. "Hili ni mimi! Mwalimu, imeandikwa mimi!"

"Ni wewe. Endelea."

"Mimi Resul Bra-ho, ni... li... m... si... ki... a." Aliyaunganisha taratibu, midomo inatangulia sauti. "Nilimsikia." Alikuwa bado anatabasamu. Kidole kikasogea. "Ze..."

Kikasimama.

Hakuna aliyehitaji kumsaidia na herufi zilizobaki. Tabasamu lilikaa usoni pake kidogo, kama lisilojua liende wapi, kisha likaondoka. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Nje Kadrije na wenzake walikuwa wanacheka kitu.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "kwa leo inatosha."

"Kurasa ni mbili," nikamwambia. "Tuna msimu wote wa baridi, na ukimaliza tutarudia mwanzo. Soma hilo jina."

"Zenel," akasoma.

Nikavuta kiti karibu, nisikie vizuri.